Mwavuli Aliosema ni Wake

Wasikilizaji wapendwa, hodi sebuleni, hodi jikoni, hodi dukani. Punguzeni kelele kidogo. Ninayemkumbuka leo alikuwa mtu wa sauti ndogo, na nisingependa mpitwe na habari zake.

Juma lililopita tulimzika fundi viatu. Wengi mlimjua kwa jina la Bwana Mwavuli. Jina hilo mlimpa ninyi, tena kwa mapenzi. Lakini mkewe ameniruhusu kuwaambia jambo moja: jina hilo mumewe hakulipenda hata siku moja. Kila alipoitwa Bwana Mwavuli, nafsi ilimsuta.

Fundi alikuja hapa akiwa mkimbizi. Alikuja na mke, binti mdogo, na nyundo aliyoifunga kwenye kitambaa. Njiani walipita vizuizi vingi, na kila kizuizi kilikuwa na askari wenye swali lile lile: "Hiki ni cha nani?" Ukisitasita, umeiba. Ukisema ni cha jirani, umeiba. Nyundo ya nani? Yangu. Blanketi la nani? Langu.

"Tulijifunza kujibu kabla swali halijaisha," mkewe alinisimulia. "Hata mtoto alijua. Siku moja askari alimtania, mama huyu ni wa nani? Akasema wangu, kwa ukali, mpaka askari mwenyewe akacheka."

Likumbukeni jibu hilo, wasikilizaji. Ndilo lililowafikisha salama. Na ndilo lililomponza fundi.

Hapa mjini fundi hakuwa na pa kufanyia kazi. Kila alipotandika gunia lake, alitimuliwa. Aliyemwonea huruma ni mama mmoja muuza karanga, mwenyeji, ambaye miaka nenda miaka rudi alikaa kwenye kona moja karibu na benki. Mama Karanga alisogeza jiko lake, akampisha nusu ya ukuta.

"Kaa hapa, mdogo wangu. Ukuta wenyewe si wa baba yangu."

Wakawa ndugu. Mmoja anakaanga, mwingine anagonga. Mama Karanga ana ulimi mkali, lakini mkono wake ni mwepesi wa kutoa. Alikuwa akimwambia, "Wewe fundi, unaigonga hiyo soli utadhani imekutukana!" Fundi akicheka, misumari ameibana mdomoni.

Sasa tufike siku ya mvua. Ilishuka ghafla, bila hodi. Fundi alikuwa ndiyo kwanza amepaka gundi viatu vya mteja, na gundi mbichi ikiingia maji, basi tena, kazi imeharibika. Mama Karanga alikuwa na mwavuli mmoja tu, wa bluu, kijiti kimoja kimevunjika. Alikuwa ameufungua juu ya karanga zake. Akamwona mwenzake anahangaika kuvifunika viatu kwa kifua.

"Shika huu, usije ukalipishwa viatu vya watu!"

Akampa. Karanga akazifunika kwa gunia, na nyingi zikaloa. Fundi akaushika mwavuli juu ya viatu, na yeye mwenyewe akanyeshewa mpaka ndani ya masikio. Hapo ndipo alipopita mwandishi mmoja wa habari. Akapiga picha, akapendezwa nayo, akainama kumuuliza, "Mzee, mwavuli ni wako?"

Kabla swali halijaisha, fundi akajibu, "Wangu."

Mama Karanga alikuwa pale pale ubavuni pake, maji yanamchuruzika kwenye kope. Alisikia.

Picha ikaenda mtandaoni. Chini yake paliandikwa kwamba mkimbizi amejinyima mwavuli wake mwenyewe ili viatu vya mteja visilowe. Upande mmoja picha ilikatwa. Ukiitazama vizuri utaona ukingo wa karai la kukaangia. Karai la nani, hakuna aliyeuliza. Watu wakalia, ukafunguliwa mchango, na waliochanga wengine walikuwa wa mbali, hata kona yetu hawaijui.

Fundi akafungua duka. Baadaye akafungua la pili, la ngozi na soli. Kisha chumba cha kushona mikoba, anachokisimamia mkewe. Akaajiri wakimbizi wenzake, akaajiri na wenyeji. Basi midomo ikafunguka! Mlipiga simu hapa hapa redioni, msijifanye mmesahau. Kuna waliosema fundi ni mfano wa kuigwa. Kuna waliosema, "Sisi tumenyeshewa hapa tangu tuzaliwe, nani alitupiga picha?" Na kuna waliokwenda dukani kudai fadhila. Jamaa mmoja alipeleka viatu vya timu nzima ya mpira. "Nilikuchangia, Bwana Mwavuli, usinisahau." Fundi alivishona vyote bure.

Mkewe akamjia juu. "Baba watoto, jioni tutakula soli?"

"Acha tu, mke wangu. Sina uso wa kumkatalia mtu."

Watu waliona wema. Kumbe ilikuwa hatia, wapendwa, imemkaa kooni, haishuki wala haitoki. Mama Karanga alikuwa amehama ile kona siku chache baada ya picha. Alivuka barabara, akawasha jiko lake upande wa pili. Fundi alimfuata na mwavuli mkononi.

"Dada, chukua mwavuli wako. Nisamehe."

Mama hakuinua kichwa. "Huo si wangu. Mwenyewe si ulisema ni wako?"

Alimpelekea pesa, zikarudi. Akaahidi kumjengea kibanda. "Kwani nilikuuzia mwavuli?" Mama akamuuliza. Fundi akaeleza habari za vizuizi na askari, na jinsi neno lilivyomtoka lenyewe. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo fundi aliondoka nayo duniani: "Mimi nilikuwa askari? Ungesema tu, ni wa dada yangu. Basi. Ningenyeshewa huku nacheka."

Siku ya kufungua duka la pili, fundi alipanda juu ya kiti mbele ya watu. "Ndugu zangu, ule mwavuli haukuwa wangu!"

Kisha mzee mmoja akapaza sauti, "Kweli kabisa! Vyote ni vya Mungu!" Makofi, vigelegele! Fundi akajaribu tena: "Nasema ulikuwa wa mtu!" Watu wakazidi kushangilia, "Jamani, unyenyekevu huo!" Wakambeba juu juu.

Binti yake, ambaye sasa ni mtu mzima anayesomea uuguzi, aliniambia, "Siku ile nilicheka mno. Tuliporudi nyumbani nikamkuta baba kakaa kitandani, hata viatu hajavua, analia. Sikucheka tena."

Miaka ikapita hivyo, barabara ikiwa katikati yao. Kila asubuhi fundi akifungua duka alimpungia mkono. Mama Karanga aligeuka kuchochea moto.

Halafu moyo wa fundi ukaanza kuchoka. Akalazwa. Akamtuma mkewe avuke barabara.

"Dada, mwenzio yuko taabani. Anakuulizia wewe."

Mama Karanga alichochea moto kwanza. "Jiko ndiyo kwanza limeshika moto. Mwambie nakuja kesho."

"Kesho kweli?"

"Kesho. Nimekasirika, sijawa mnyama."

Fundi alipoletewa jibu hilo alitabasamu. "Amesema kesho? Basi anakuja." Akaomba anyolewe ndevu.

Mama Karanga alikwenda, wasikilizaji. Alikwenda kesho yake asubuhi kama alivyosema, ameshika karanga za moto kwenye karatasi. Akamkuta muuguzi anatandika shuka safi kwenye kitanda kitupu. Nilipomtembelea hakutaka nimfichie aibu yake. "Yaseme redioni," aliniambia. "Moto ule ningeuzima kwa kikombe kimoja cha maji."

Kwa mke wa fundi, kwa binti yake, na kwa wote wanaofanya kazi katika maduka yale mawili na chumba cha mikoba, poleni sana. Mungu awape subira. Na wewe Mama Karanga, najua unanisikiliza, redio yako iko pale juu ya kreti. Hukutajwa miongoni mwa wafiwa. Pole, mama. Umefiwa.

Nasi tuliobaki, tujiulize. Picha tuliipenda wote, na wote tulimwacha mtu akinyeshewa pembeni. Yupo pia, katika wanaonisikiliza sasa, mwenye ndugu aliyemwambia kesho. Zima jiko, mwenzangu. Nenda.

Sijawaambia lililotokea baada ya mazishi. Tulirudi nyumbani kwa marehemu, nyumba ndogo, viatu tukaviacha nje mlangoni. Mvua ikaanza. Mama Karanga alikuwa amesimama ukutani, hataki kuingia. Binti akatoka na ule mwavuli wa bluu, akamwambia, "Mama mkubwa, shika, utaloa."

Mama akaufungua. Kichwani hakuuweka. Aliinama, akaushika juu ya viatu vyetu, na mvua ikampiga mgongoni. Bwana mmoja aliyechelewa alifika mlangoni, akawa anafungua kamba za viatu vyake. Akamuuliza, kwa mazungumzo tu, "Mama, mwavuli ni wako?"

Mama Karanga akajifuta uso kwa kiganja.

"Wa mdogo wangu," akasema.