Nereida, Aliyehesabu Kabla ya Kufunga

Nilimwona Nereida mara ya kwanza Jumamosi moja ya Mei mwaka 2001. Nilikuwa nimekwenda kwa mama yake, hapa Fresnillo, kuchomelea nondo za madirisha. Nilipogeuka kuchukua patasi, nilimkuta msichana wa miaka saba amekaa kizingitini na kufuli la sanduku langu la vifaa. Lilikuwa vipande vipande, na kila kipande amekipanga kwenye trei ya mayai. Alinitazama akasema, "Sijaharibu. Nimefungua tu." Akalirudisha lilivyokuwa. Kufuli hilo ninalitumia mpaka leo.

Marehemu Nereida Saucedo Lugo alizaliwa hapa Fresnillo tarehe 14 Machi 1994, mtoto wa Bwana Gumaro Saucedo na Bi. Otilia Lugo. Alipokuwa na miaka mitatu, baba yake alivuka mpaka kwenda nchi ya kaskazini kutafuta kazi, na habari zake zikakoma. Mimi na Bi. Otilia tulifunga ndoa mwaka 2002. Mwaka 2004 Nereida akapata mdogo wake, Leobardo. Mimi aliniita Bwana Chon, tangu kizingitini pale mpaka mwisho.

Alisoma shule ya msingi na sekondari katika mtaa wetu, kisha shule ya ufundi, akahitimu umeme mwaka 2012. Mimi niliishia darasa la sita. Jioni alikuwa akinifundisha kusoma michoro ya nyaya, na nikikosea hakucheka. Alipomaliza alitengeneza cherehani za majirani kwa miaka minne, akingoja kazi aliyoitaka.

Kazi hiyo aliipata tarehe 1 Agosti 2016, ya kutengeneza na kuhudumia mashine za kutolea pesa. Mafundi walikuwa kumi na mmoja, mwanamke yeye peke yake. Aliwekwa kwenye majaribio ya miezi mitatu. Gari hakuwa nalo, nikampa pikapu yangu.

Wiki ya tatu alitumwa mji wa Sombrerete. Kasha la pesa la mashine hizo fundi hafungui mwenyewe. Hufunguliwa na walinzi wa gari la pesa, nao hupewa namba mpya ya kufungulia kila safari. Nereida alisafisha roda zinazovuta noti, akajaribu, mashine ikafanya kazi. Mlinzi akafunga, gari la pesa likaondoka. Ndipo alipojipapasa mfukoni. Ufunguo wa pikapu alikuwa ameuweka juu ya sanduku la noti, ndani.

Alinipigia akiwa analia. "Bwana Chon, nimeufungia. Wanarudi kesho mchana. Wakijua ofisini, wananifukuza."

"Ufunguo wa akiba ninao kiunoni," nikamwambia. "Usiondoke hapo."

"Usimwambie mama."

Nilipanda basi. Nilimkuta amekaa kando ya mashine, amekumbatia begi lake. Tulinunua gordita, vile vimkate vinene vya mahindi, vya maharage, tukala tumesimama. Kesho yake alirudi na kumweleza mlinzi, Bwana Macario, ambaye leo yuko nasi hapa. Bwana Macario akamjibu, "Dada, miaka ishirini naona watu wanataka kutoa kitu humu. Wewe ndiye wa kwanza kuweka." Hakumsemea ofisini. Bi. Otilia, naomba radhi. Hili unalisikia leo.

Tangu siku hiyo alihesabu vifaa vyake kwa sauti kabla kasha halijafungwa. Vilikuwa saba, na cha nane ufunguo. Walinzi walimtania kwamba anasali. Baadaye akatufanyia hata nyumbani. Hutoki mlangoni hujaulizwa, "Umehesabu vyako?" Mafundi aliowafundisha kuanzia mwaka 2021 wanahesabu hivyo hivyo mpaka sasa.

Tarehe 19 Oktoba 2019 alifunga ndoa na Uriel Cháirez, mwalimu wa shule ya msingi. Hawakujaliwa mtoto. Kila Jumapili walikuja kula kwetu.

Kuna jambo moja linaniuma. Watu wakiniuliza nina watoto wangapi, nilikuwa nikijibu mmoja, Leobardo. Sikutaka kujitwalia mtoto wa mwanamume mwingine. Jumapili moja mgeni aliniuliza hivyo mezani, nikajibu hivyo, na Nereida alikuwa hapo. Alinitazama kidogo, akaendelea kula. Sikuwahi kulizungumza naye.

Mwezi Juni mwaka jana alianza kuchoka na kutoka damu puani. Hospitali ya Zacatecas iligundua saratani ya damu. Alitibiwa miezi minane. Nywele zilipokatika alivaa kofia ya kazini. Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka thelathini.

Ameacha mumewe Uriel, mama yake Otilia, mdogo wake Leobardo, mafundi wenzake, na mimi. Mungu ampe usingizi ambao hakuna simu ya kazi itakayomwamsha.

Asubuhi ya leo, kabla jeneza halijafungwa, niliomba wanisubiri. Nilihesabu rozari ya mama yake, pete, kofia, na ile bisibisi yake ndogo. Nikahesabu tena. Walionisubiri hawakuniharakisha, nawashukuru.

Jumatano jioni, muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha, nilisimama kuaga. Alifumbua macho akaniuliza, "Umehesabu vyako?"

Nikamwonyesha: miwani, kofia, funguo. "Vitatu," nikasema. "Vimetimia."

Akatikisa kichwa juu ya mto, taratibu.

"Hujanihesabu mimi, Bwana Chon."