Upawa wa Tumpe

Mheshimiwa Diwani wetu wa Soweto, Mchungaji, Mwenyekiti wa mtaa, Ndugu wageni waalikwa, akina mama wenzangu wa kikundi cha kufarijiana, na wewe Tumpe uliyejiinamia hapo mbele kama unasubiri sindano: mugonile, hamjambo!

Mimi ni Mama Jofrey, wa viazi pale sokoni. Nimepewa dakika tano nimuage msanii wetu, anahamia Iringa kwa dada yake. Shule niliishia la nne, karatasi sina, nina mdomo tu, na mdomo wangu mnaujua.

Nani hapa hajamwona Tumpe kwenye luninga? Miaka kumi na nane anaigiza! Kaigiza mke wa chifu, wakarekodi kule Kalenga, kavaa kaniki, tukasahau kabisa kama ni jirani yetu. Kaigiza mchimba dhahabu wa Chunya, vumbi mpaka kwenye kope. Kaigiza trafiki. Kaigiza bibi harusi wa miaka sitini, nikacheka nikamwaga chai. Alipoigiza nesi, si wewe Faustina ulimpelekea mtoto ana homa? Akakwambia, "Shoga, mimi nesi wa kwenye luninga, twende kwa wa kweli." Akambeba mgongoni kwa kitenge chake mpaka zahanati, wewe nyuma unalia.

Halafu mwaka jana akaigiza yule mwanamke anayewatiliaga waume zake sumu kwenye mboga. Watatu! Akaigiza vizuri mno, kosa lake ni hilo tu.

Wiki ile ile ilipoonyeshwa, mzee Sedekia wa mtaani kwetu akafariki. Mnajua hapa kwetu, mama asiyeshika chombo msibani ni kama hayupo mtaani. Tumpe akachukua upawa agawe maharage, foleni ikarudi nyuma. Faustina akaninong'oneza, "Mtu haigizagi kitu asichokijua." Na mimi, badala ya kumwambia nyamaza, nikaenda nikauchukua ule upawa. "Dada, pumzika, tutagawa sisi." Akanipa, akaenda kukaa. Kesho yake sokoni nikawasimulia mpaka wateja wasionunua. Tangu hapo, misiba minne, Tumpe anakaa mkekani peke yake, mikono mapajani.

Leo tunamletea keki na blanketi. Tunamuaga, au tunamfukuza na zawadi? Kama sumu tuliiamini, mbona alipoigiza trafiki hakuna dereva hata mmoja aliyesimamisha gari?

Mheshimiwa, mnisamehe, mimi simuagi mtu. Tumpe, nilikukosea mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu. Upawa ni huu hapa, ule ule, nimekuja nao kwenye kapu. Wali na maharage yako tayari hapo nje, na leo unagawa wewe. Mchungaji akishaombea chakula, sahani ya kwanza yangu, ya pili ya Faustina. Faustina, usiangalie mlango, nakuona!

Njoo uchukue, mama. Siketi mpaka uje, na miguu yangu unaijua ilivyo.

Eeh! Kanyanyuka! Kaushika!

Dereva wa lori la Iringa, kunywa soda yako taratibu, makochi ya Tumpe yanashuka. Wengine wote, ndaga fijo, asanteni mlivyonisikiliza bila kunikatisha. Tumpe, mimi niwekee maharage mengi.