Sagal binti Elnino

Kijiwe chetu kiko kwenye kona ya soko la mifugo la Garissa: benchi moja iliyoegemezwa jiwe, jiko langu, birika langu, na wanaume ambao ukiwauliza kazi yao watakwambia wako kazini. Mimi ndiye Mama Tangawizi, muuza kahawa. Gurey ni dalali wa mbuzi, na Gurey kwa Kisomali ni mtu wa mkono wa kushoto. Redio husikiliza habari za jioni kisha anatutangazia upya, na za kwake huwa tamu zaidi. Mwingi ni dereva wa lori aliyetoka Mwingi. Kwa ajili yake tunaongea Kiswahili, naye kwa ajili yetu ameacha kulalamikia joto. Alasiri hiyo, katika vumbi la mwaka wa tisini na tisa, alikuja Elnino, fundi wa tairi. Huyu aliingia mjini enzi zile za mafuriko ya El Nino, amekwama juu ya lori lililozingirwa na maji, na Gurey akampa jina kabla hajashuka. Sasa mtoto wake wa kwanza alikuwa anatimiza siku saba kesho yake. Mbuzi ameshafungwa uani, na jina lilikuwa linatakiwa nyumbani kabla ya magharibi.

— Mimi na mama yake tumependa Sagal, akasema. Lakini naogopa nyinyi.

— Sisi? Gurey akajishika kifua.

— Nyinyi mnakula majina ya watu. Nataka jina ambayo hii benchi haiwezi kuharibu. Jaribuni sasa, nikiona. Ikivunjika, nitafute ingine mapema.

Alisema akicheka, lakini kahawa yangu hakuigusa.

— Waryaa, umefika kwa mafundi! Gurey akasogea. Samaki mkunje angali mbichi.

— Huyo ni mtoto, si samaki, nikasema.

— Mama Tangawizi, wewe mimina. Jina ni kama mbuzi ya mnada. Kwanza fungua mdomo, angalia meno. Sa-gal. Meno iko fizuri.

— Jina la mtoto peke yake halitoshi, Redio akaingilia. Mtu anatembea na jina la baba. Mimi nalipima kwa taarifa ya habari.

Akakohoa, akakishika kikombe karibu na midomo.

— "Waziri wa Maji, Bi. Sagal Elnino, leo amefungua kisima kule Buna." Mmesikia? Limekaa!

— Elnino kwa wizara ya maji, hapo pia ni pake, Mwingi akasema.

Tulicheka mpaka mbuzi wa Gurey wakatuangalia. Elnino alifungua mdomo kama mtu anayetaka kurekebisha kitu, kisha akaufunga, akacheka pamoja nasi.

— Nyinyi mnamjaribu na serikali, Mwingi akaendelea. Kwetu jina linajaribiwa na hasira. Chukulia maziwa yamechemka, yamemwagika yote. Mama anaita vipi? "Saaaagaaal!" Jina lisipovutika hivyo, mtoto harudi nyumbani. Mwenye nguvu mpishe.

— Hiyo methali imeingilia wapi? nikauliza.

— Imeingilia kwa maziwa.

— Mimi nasema mpeni mbuzi, Gurey akatoa hukumu. Yule wa uani, mpaka jioni aitwe Sagal. Akiitika haraka, jina ni nyepesi. Akikataa, jina iko na heshima.

— Gurey! Mbuzi huyo anachinjwa kesho!

— Basi?

— Basi niende kwa mke wangu niseme nimechinja Sagal?

Kahawa ilimpalia Redio, ikabidi Mwingi ampige mgongo.

— Haya, mbuzi tuache, Gurey akakubali kwa shingo upande. Nenda bale kwa tangi ya maji, biga kelele. Wasichana wengi wakigeuka, jina imechoka. Hakuna mtu amegeuka, jina ni yako.

Akaenda, wallahi. Baba mzima, mikono myeusi kwa mpira, akasimama kando ya tangi akaanza: "Sagal! Sagal!" Punda mmoja ndiye aliyegeuka. Mimi nilimwonea huruma, na hapo hapo nikampenda kama ndugu yangu. Wangapi wangefanya hivyo kwa ajili ya mtoto wa kike?

Ndipo lori la Bura likasimama, akashuka mama mzee na chombo cha maziwa begani. Akatusalimia kwa Kisomali, tukaitikia, na maneno yake nawapeni kwa Kiswahili.

— Wanangu, nyumba ya Yahye Kerrow mnaijua?

— Yahye Kerrow? Redio akatikisa kichwa. Hooyo, mama, mtu huyo hayuko Garissa. Angekuwepo ningemtangaza.

Kutoka kwa tangi ikaja tena: "Sagaaal!" Mama mzee akainua sikio.

— Anayeita pale anaitwa nani?

— Huyo ni Elnino, akajibu Gurey.

— Ndivyo alivyoitwa na baba yake?

Gurey akamtazama Redio. Redio akamtazama Mwingi. Mwingi akanitazama mimi, nami nikatazama birika. Tangu yale mafuriko tumekunywa kahawa na mtu huyu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumjibu mama yule.

Akaweka maziwa chini, akaita mara moja tu, wala hakupaza sana:

— Yahye!

Elnino aligeuka, akaja mbio kama mtoto, kandambili moja ikabaki njiani.

— Hooyo!

— Sagal ni nani unayemtafuta barabarani?

— Mjukuu wako. Najaribu jina lake.

— Sagal Yahye Kerrow, mama akasema polepole. Hili lina nini la kujaribiwa? Nibebee maziwa.

Elnino akatugeukia, macho yanang'aa.

— Mmesikia?

— Tumesikia, Yahye, Mwingi akajibu, na jina lile kinywani mwake lilikuwa jipya kabisa.

Wakaondoka na maziwa yao. Gurey alikuwa anatafuta la kumbandika yule mtoto, nilimwona midomo ikicheza, na kwa mara ya kwanza hakupata kitu. Mwishowe akanigeukia.

— Mama Tangawizi, kwani wewe unaitwa nani?

Miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kuniuliza.

— Nafiso.

— Nafiso, akalijaribu. Nafiso... niongezee kahawa.

Nikainamisha birika. Halikutoa hata tone.

— Imekwisha, nikamwambia. Lakini hebu ita tena.