Mwalimu wa Kupumua

Kwenye mabasi ya jiji letu la Bengaluru wanawake tunakaa mbele na wanaume nyuma, kwa hiyo Girija alimsema mwanawe bila kunong'ona. "Miaka tisa ya skizofrenia namhesabia vidonge, ananijibu kwa kichwa tu. Wiki sita za yoga, mwalimu anasimuliwa mpaka ndoto."

"Shukuru, dada," akasema mama aliyekaa naye, ambaye hakumjua.

"Nishukuru kunyang'anywa?"

"Wangu ana ugonjwa huohuo, hajatoka chumbani tangu sikukuu ya Dipavali. Laiti mwalimu huyo angeniibia na mimi."

Girija akasonya. Basi likasimama mbele ya hospitali.

"Amma, fanya haraka," mwanawe akaita kutoka nyuma, mkeka kwapani. "Mwalimu anangoja."

Girija akainama, akaanza kutafuta kiatu kilichokuwa bado mguuni mwake.