Mfereji Usio na Mwenyewe: Maisha ya Dada Yetu, Mama Birika

Ndugu, jamaa, majirani wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini, na ninyi mlioleta lile shada kubwa lisilo na kadi: nimepewa kazi ya kusoma maisha ya marehemu kwa kuwa mimi ndiye mdogo wake wa pekee, na pia, nahisi, kwa kuwa kamati ya mazishi ilidhani fundi bomba kama mimi hana maneno mengi. Karatasi mliyoshika mkononi imefupishwa. Sijaambiwa aliyeifupisha ni nani, ila naona mwenyekiti wa kamati anaangalia viatu vyake. Mimi nitasoma ile niliyoiandika mwenyewe.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 11 Machi 1959, mtoto wa kwanza wa mpiga chapa na mshona mashuka ya hospitali, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mama yetu alisimulia kwamba mkunga alipomweka kwenye mizani, mtoto alikunja uso kama mtu asiyeiamini mizani yenyewe. Tabia hiyo hakuiacha. Utotoni alinusa maziwa yake kabla ya kunywa, kisha akanusa na yangu, kisha akanywa yangu kidogo ili kuhakikisha. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa upendo au ujanja.

Alianza darasa la kwanza Januari 1966, katika shule iliyotenganishwa na kiwanda hicho kwa ukuta mmoja tu. Alipokuwa darasa la sita, mwalimu wa sayansi aliwaeleza kwamba moshi ukipanda juu hupotea. Marehemu akanyoosha mkono. "Unapotelea wapi, mwalimu?" Akaambiwa akae chini. Akakaa. Lakini alipofika nyumbani alipitisha kidole kwenye shuka jeupe lililokuwa kwenye kamba, akakataa kunawa, na kesho yake akampelekea mwalimu kile kidole kikiwa bado cheusi. Alifukuzwa kipindi cha sayansi wiki nzima. Alimaliza kidato cha nne Novemba 1976 kwa matokeo ya kawaida, isipokuwa katika sayansi, ambako aliwashinda wote.

Tarehe 3 Oktoba 1983 aliajiriwa kuwa mhudumu wa chai katika ukumbi wa mikutano ya kimataifa. Alifanya kazi hapo miaka thelathini na mitano na miezi mitano, hadi alipostaafu Machi 2019. Hapo ndipo alipopewa jina la Mama Birika, na hapo ndipo alipoyasikia mataifa. Kuanzia miaka ya tisini ukumbi ule ulipokea mikutano mingi ya joto la dunia na uchafuzi, naye alizunguka meza kwa meza akimimina. Mhudumu wa chai haonekani. Watu walisema mbele yake mambo ambayo hawakuyasema kwenye kipaza sauti, na Jumapili alinisimulia jikoni kwake huku akiosha upya vikombe nilivyokwisha kuviosha mimi.

"Mdogo wangu, we sikia," alikuwa akisema. "Wale wa meza ya mbele, viwanda vyao vilianza kufuka zamani. Wanataka moshi uhesabiwe kuanzia leo. Wale wa dirishani wanafuka sasa hivi kuliko wote. Wanataka uhesabiwe tangu enzi za mababu, halafu ugawanywe kwa kila kichwa, maana wao ni wengi. Wenye kuchimba mafuta wanasema alaumiwe anayechoma. Anayechoma anasema alaumiwe anayechimba. Kila mtu kaja na kipimo cha kumtoa yeye."

"Na sisi je?" nilimuuliza.

"Sisi wa meza ya nyuma tunasema hatumo. Na kwa sehemu kubwa ni kweli hatumo, joto linatukuta tu. Lakini yule mkubwa wetu anayelia sana pale mbele, gari lake liko nje linaunguruma tangu asubuhi, dereva kalala ndani na kiyoyozi. Nimempelekea chai nimemwona."

Siku moja ya Novemba 2006 chai ilimwagika kati ya wajumbe wawili, ikaanza kutiririka kuelekea nyaya za wakalimani. Mmoja akasema kikombe si chake. Mwingine akasema meza imeinama tangu asubuhi. Wa tatu, aliyekaa katikati, akasema si wakati wa kunyoosheana vidole. Marehemu akafuta kwanza, haraka, mpaka pakakauka. Kisha, badala ya kuondoka, akasimama na kitambaa chake na kuuliza, "Nimefuta. Sasa nani kamwaga?" Alipewa barua ya onyo, nayo aliitunza pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto. Aliniambia baadaye kwamba yule wa katikati ndiye aliyekuwa na mkono wa koti uliolowa. Tangu siku hiyo, mtu akisema tusinyoosheane vidole, dada alikuwa anatazama mikono ya huyo mtu.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Julai 1985, na fundi mitambo wa ukumbi huo huo, shemeji yangu huyu aliyeketi hapa mbele, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasha na kuzima vipaza sauti. Alimchunguza kwa miezi kumi na minne. Aliwauliza majirani zake, akamuuliza kinyozi wake, akamuuliza hata fundi viatu kama soli zake huisha upande mmoja. Alimkubali siku alipomwona akimzimia kipaza sauti mheshimiwa aliyepitisha muda, bila kuuliza kwanza ni mheshimiwa wa nchi gani. Walijaliwa watoto wawili, na mwaka 1991 walihamia nyumba ya mwisho ya mtaa wa chini, pale mfereji unapopinda.

Sasa nafika kwenye aya ambayo kwenye karatasi yenu imeandikwa "aliugua kwa muda mfupi". Mtaa wa juu ulijengwa kwanza, na maji yake machafu yaliingia mferejini tangu siku hizo. Mtaa wa chini tulikuja baadaye, tukiwa wengi, na mifuko yetu ya taka. Kila mvua ikinyesha, maji yalipanda hadi kizingiti cha marehemu. Jumapili, tarehe 21 Aprili 2024, mkutano wa tatu wa kujadili mfereji uliitishwa katika darasa la chekechea, watu wazima tumekalia viti vya watoto, magoti kidevuni.

Mzee mmoja wa mtaa wa juu alisema, "Ya zamani tuyaache. Tuangalie nani anatupa takataka leo." Kijana wa mtaa wa chini akajibu kwamba takataka zetu, zikigawanywa kwa kila mtu, si chochote. Marehemu akaninong'oneza, "Hawa wote nishawamiminia chai. Wale walikuwa na tai tu."

Nami nikasimama. Nilisema, kwa sauti kubwa, kwamba wa kulaumiwa ni mtaa wa juu kwa mabomba yao. Nilipigiwa makofi. Dada hakupiga. Tukiwa njiani kurudi aliniuliza, "Yale mabomba ya juu, nani aliyafunga?"

"Mafundi wengi tu, dada," nilimjibu.

Mkutano ulikuwa umeamua kukutana tena baada ya wiki mbili. Jumatatu asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitano, aliingia mferejini na koleo la shemeji, amevaa viatu vya mpira vilivyopasuka kisigino, akazibua peke yake kuanzia saa moja hadi saa sita mchana. Wapo waliomwona kupitia madirisha yao. Nasema hivyo kwa sababu wawili walimsifu mbele yangu.

Homa ilianza tarehe 1 Mei. Alilazwa Jumamosi, tarehe 4. Daktari alisema ni ugonjwa wa maji yaliyochanganyika na mkojo wa panya, na kwamba umeshafika kwenye figo. Marehemu hakumwamini upesi. Alimtaka muuguzi amsomee kwa sauti maandishi yote ya chupa ya dripu, mpaka tarehe ya mwisho ya matumizi, na muuguzi yule, ambaye namshukuru, alisoma kila siku bila kununa.

Alhamisi, tarehe 16, nilikaa naye. Macho yake yalikuwa ya njano. Aliniuliza polepole, "Ni mabomba mangapi?"

Nikamwambia, "Sijui, dada."

"Unajua," akasema, akageukia ukutani. Alifariki kesho yake, Ijumaa, tarehe 17 Mei 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia, na yananiuma kuliko msiba wenyewe.

Ni kumi na moja. Niliyafunga mimi, kati ya mwaka 2003 na 2017, yote yakitoa maji ya vyoo na ya kuoshea moja kwa moja mferejini, kwa kuwa kuchimba shimo la maji taka kungechukua siku nyingi. Ni kweli wenye nyumba ndio walioniagiza. Ni kweli kila mtu pale alikuwa anafanya hivyo. Ni kweli mkaguzi wa afya alipita, akaona, akaendelea na safari yake. Yote hayo ni kweli, na bado mikono ilikuwa hii. Dada yangu alihudhuria mikutano ya mataifa miaka yote hiyo akisubiri kumsikia mtu mmoja akisema "ni sisi", hakumsikia. Akaja kumsubiri mdogo wake pembeni ya kitanda, hakumsikia pia.

Sisemi kwamba ni mimi peke yangu. Wenye nyumba wote kumi na mmoja mpo hapa, nawaona, na wawili mmeanza kusogea taratibu kuelekea getini. Simameni kidogo, dua bado. Kesho saa mbili asubuhi nitaanza kuyafungua na kuyaondoa mabomba hayo, moja baada ya jingine, na la kwanza ni la mwenyekiti wa kamati. Ninyi wa mtaa wa chini mnaotabasamu, njooni na magunia, maana mifuko niliyoikuta imeziba pale kwenye kona si ya mtaa wa juu.

Marehemu ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watatu, na mdogo mmoja aliyechelewa kujibu swali. Mungu ampumzishe kwa amani dada yetu. Sisi tuliobaki asitupumzishe kwanza.