Mzee Sita na Bia ya Tangi la Nne

Ijumaa hii saa tisa alasiri, Mzee Sita anastaafu baada ya kuonja bia za kiwanda chetu kwa miaka ishirini na sita. Hiyo sita ya mwisho sikuitia chumvi, ndivyo miaka yenyewe ilivyoangukia. Mkuu wa utumishi, aliyenipa kazi ya kuandika wasifu huu, ameniomba niwe mchangamfu maana kutakuwa na wageni. Nitajitahidi. Lakini Jumatatu asubuhi Mzee wetu anakwenda kukatwa nusu ya ulimi, na mimi ndiye mpika bia aliyefanya naye kazi mlango kwa mlango, kwa hiyo uchangamfu wangu mtaupokea kama ulivyo.

Alianza kama mwosha mapipa, enzi ambazo kiwanda kizima kilikuwa banda moja lenye sakafu ya kuteleza. Pipa likiwa na harufu asiyoipenda, hakubali lijazwe. Analirudisha, anaosha upya, anamlaumu aliyeliosha kabla yake, na mara nyingi aliyeliosha kabla yake alikuwa ni yeye mwenyewe. Mwenye kiwanda akachoka na kelele. Akampeleka chumba cha kuonjea, akisema heri agombane na bia kuliko kugombana na watu. Hakuna aliyejua kwamba ataweza kugombana na vyote viwili kwa pamoja.

Chumba hicho mnakijua, ingawa wengi wenu mmeishia mlangoni. Vigae vyeupe, dirisha moja, meza ndefu, jagi la maji na sahani ya mkate mkavu wa kusafishia kinywa. Marashi marufuku. Vitunguu marufuku. Aliyetafuna peremende arudi kesho. Mkurugenzi aliwahi kuingia na manukato aliyoyanunua safarini akaombwa kwa heshima zote asubiri nje, na akasubiri kweli, anatembea huku na huko ukumbini kama mume aliyemleta mkewe wodi ya wazazi. Bia ilipopata alama nane, Mzee alimfungulia mlango akampa mkono wa pongezi.

Jina la Sita tulimpa sisi. Alama zetu ni moja hadi kumi, na yeye bia tisa kati ya kumi alizipa sita. Kumi hajawahi kutoa. Tisa alitoa mara chache, na kila alipoitoa alionekana kama aliyeibiwa. Lakini sita yake haikuwa namba tu, ilikuwa amri. Sita! Yaani usiende mbele, ngoja, bia hii bado haijakuwa. Wapika bia tulielewa. Tunairudishia kifuniko, tunaiacha tangini ichachuke taratibu, tunamwita tena.

Mkuu wa mauzo, alipokuwa mgeni, hakuelewa. Alidhani sita kwa kumi ni kufaulu, kama shuleni, akapakia lori zima la bia ya sita akaipeleka kwa wateja. Bia ikaendelea kuchachuka ndani ya chupa rafuni. Nyingine zilipasuka, na zilizosalia zikarudishwa zikitoa povu shingoni. Sote tulingoja Mzee apasuke pia. Yeye akamwambia kwa upole tu kwamba wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kimetembea mpaka kimerudi nyumbani chenyewe. Mkuu wa mauzo anasimulia kisa hiki mwenyewe siku hizi, na bado masikio yanamwiva kwa aibu.

Nyumbani alijaribu kuleta alama mara moja. Mkewe alimuuliza mchuzi ukoje, naye bila kufikiri akasema sita. Shemeji yetu huyo hakubishana. Aliufunika mchuzi, akautia jikoni, akamwambia angoje ukomae. Wiki ile Mzee alikuwa akila mkate mkavu wa chumba cha kuonjea hadi tukalazimika kununua mwingine.

Sasa nifike pale ambapo ningependa nisifike. Mwaka huu, mvua zilipoanza, Mzee alionja bia ya tangi la pili akasema ina ladha ya chuma. Mimi nikaonja, sikukuta chuma. Wenzangu wakaonja, hamna. Lakini kwa miaka yote hiyo nani alikuwa amethubutu kumbishia? Fundi wa mabomba akafungua mirija yote, akasugua kila kiungo akitafuta kutu. Tukabadilisha valvu. Tukamwaga tangi zima, mimi mwenyewe nikiwa nimeshika mpira wa kumwagia, bia nzuri inatiririka mtaroni na machozi yananilengalenga. Tukapika upya. Mzee akaonja, akasema chuma bado kipo. Akajaribu ya tangi la kwanza, chuma. La tatu, chuma. Mwishowe akachukua glasi ya maji matupu, akanywa. Akaiweka glasi mezani taratibu na kutuomba tutoke.

Ilikuwa damu. Kidonda kilikuwa chini ya ulimi, upande wa kushoto, na chuma alichokisikia kilikuwa chake mwenyewe. Daktari alikiita kwa jina refu; sisi tunakiita kansa, na jina hilo naliandika hapa kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua, na Mzee amekataa kuumbuliwa. Aliporudi kutoka hospitali, kitu cha kwanza alichofanya ni kuniomba radhi kwa ajili ya bia iliyomwagwa. Hebu fikirini. Mtu amepewa habari ile, naye anasikitikia tangi la pili. Nilimjibu vibaya, nikamwambia aache upuuzi, nikaenda kulia kwenye ghala la kimea.

Mnaotembelea kiwanda huuliza kwa nini waonjaji hawatemi. Bia huonjwa hadi kooni, uchungu wake unakaa nyuma ya ulimi, kwa hiyo anayeipima lazima ameze. Mzee hakuvuta sigara hata siku moja, wala hakuwa mlevi. Alimeza kazi yake, funda kwa funda. Daktari hakusema kwamba ni bia, wala hakusema kwamba siyo. Mkewe ndiye aliyesema. Alikuja ofisini akiwa amejitanda vizuri, akakataa kiti, akatuambia kwamba ulimi tumeutumia sisi miaka ishirini na sita, na yeye tunamrudishia kidonda.  Hasira niliyonayo hadi leo sijui nimpelekee nani.

Tulitaka angalau aondoke na bia yake. Nikapika bia nyeusi, nzito, ya kuchachuka polepole, nikaiweka tangi la nne. Ilihitaji muda ambao hatukuwa nao. Upasuaji ulikuwa umeshapangwa. Nikaifungua kabla ya wakati wake. Nilijua ninachofanya, na nilitumaini kwamba safari hii, kwa huruma tu, angetupa ile kumi.

Jumanne alikuja na mkewe. Ulimi umevimba, maneno yanatoka nusunusu. Alivua saa, akanawa mikono kwa maji bila sabuni, akainusa glasi kwa muda mrefu. Akapiga funda. Ilimchoma, tuliona, machozi yalimtoka akayafuta kwa kiganja. Akasema: Sita. Kisha kinywa kikaendelea kuhangaika, lakini hakuna kingine kilichosikika.

Mkuu wa mauzo akacheka na kupiga makofi, kwamba Mzee ni yuleyule, hahongeki. Fundi wa mabomba akasema siyo alama, Mzee anatuagiza tusite, bia haijakuwa. Mimi nilisikia kitu kingine. Nilisikia mwanzo wa neno lililokatika: sitarudi. Sitaonja tena. Nikakaa juu ya kreti.

Mkewe akatutazama kama anavyotazama watoto waliomwaga maziwa. Akasema ulimi ule anausikiliza tangu haujaijua bia, na sisi sote hatujasikia kitu. Alichosema mumewe ni: sitaimaliza leo. Mzee akatikisa kichwa kukubali, akafunika glasi kwa kisahani, akaisogeza katikati ya meza.

Daktari hajaahidi kwamba ladha itarudi. Hajaahidi hata usemi. Nawaambia hivyo ili mtakaposimama kupiga makofi leo mjue mnampigia nani, na kwa nini mkewe huenda asitabasamu kwenye picha.

Mzee wetu, asante kwa kila bia mbaya uliyoizuia isitoke mlangoni, na kwa kutugombeza mpaka tukajua kupika. Tunakuombea mkono mwepesi wa daktari, usingizi usio na maumivu, na mchuzi wa nyumbani usiopimwa kwa alama. Tangi la nne nimelifunga na ufunguo ninao mimi. Ulikuwa sahihi, bia niliiharakisha. Itangoja, nasi tutangoja. Ukirudi na kinywa bado hakijakubali kusema, utatuonyesha alama kwa vidole. Vya mkono mmoja havitatosha, Mzee. Njoo na yote miwili.