Wa Kiume Wangapi, wa Kike Wangapi

Gogo la mkaratusi lililo mbele ya mashine ya kusaga, hapa Tlawi, lina nafasi ya watu watano. Upande wa barabara hukaa Felician Qamara, tunayemwita Askofu, kwa sababu alisoma seminari miaka miwili akarudi na Biblia na kikohozi. Anafuata Yoakimu Akonaay, yaani Redio, ambaye hakuna aliyewahi kuona mahali pa kumzimia. Kisha Gidabuday, mfugaji kutoka Gehandu aliyeoa huku kwetu; yeye tunamwita Mnada, maana hakosi mnada wa ng'ombe. Halafu mimi. Wananiita Rejesta, kwa kuwa nilikuwa karani wa parokia miaka arobaini na mmoja, na daftari la ubatizo lina mwandiko wangu. Nafasi ya tano, karibu na ukuta, ni ya Maximilian Bura. Alifariki Jumapili. Jumatano saa nane mchana tulikuwa tumzike, na asubuhi ya siku hiyo, saa tatu, ukungu ukiwa bado chini, Leticia muuza kahawa akiwa amebandika birika lake, nilikuwa na wasifu wa marehemu gotini. Ulikuwa umekamilika isipokuwa mstari mmoja.

— Hebu soma huo mstari, alisema Askofu.

Nikasoma: "Marehemu ameacha mjane, Kornelia, na watoto watano: wa kiume..." Nikaishia hapo.

— Wa kiume watatu, wa kike wawili, alisema Askofu. Uliwaandika mwenyewe.

— Jana kaburini nimehesabu wanne wa nyumba ile wameshika koleo, alisema Redio.

Hilo lilikuwa kweli. Mtoto wa tatu wa Maximilian nilimwandika Agatha, mwaka 1991. Alikwenda Arusha miaka kumi na miwili iliyopita, akawa fundi wa majokofu. Juzi alirudi kwa msiba akiwa na ndevu na koti la kiume, na jana akachukua koleo akachimba pamoja na ndugu zake, bila kuuliza mtu. Wolfgang, kaka yao mkubwa, aliniletea karatasi akasema, "Babu, andika unavyoona inafaa." Mjane naye alisema kutoka ndani, "Muulizeni Rejesta, yeye ndiye anayejua majina."

— Sasa anaitwa Gerald, alisema Redio.

— Reginald, alisema Leticia. Nimesikia kwa wanaopika msibani.

— Mimi nimeambiwa Gabrieli, alisema Mnada.

Majina matatu kwa mtu mmoja, na hakuna hata moja lililothibitishwa. Jambo hilo lilinisumbua kuliko ndevu.

— Jina ni Agatha, alisema Askofu. Mwanzo, sura ya kwanza, aya ya ishirini na saba. Mwanamume na mwanamke aliwaumba. Hakuna safu ya tatu. Padri akisoma jina lingine, tumesema uongo mbele ya altare, na maiti ipo pale inasikia.

— Maiti haisikii, Askofu, alisema Redio.

— Basi Mungu anasikia.

— Haya, nikuulize, alisema Redio. Eva alitoka wapi?

— Ubavuni mwa Adamu. Hata watoto wa komunyo wanajua.

— Sasa kabla ubavu haujatolewa, Eva alikuwa wapi? Si alikuwa mle mle ndani? Kwa hiyo Adamu alikuwa mume na mke kwenye ngozi moja, anatembea bustanini, anawapa wanyama majina, na Mungu anaona ni vyema!

— Redio, nani alikufundisha hayo?

— Nimefikiri mwenyewe. Usiku huwa sina kazi.

Leticia alicheka hadi kahawa ikamwagika juu ya jiko. Askofu hakucheka. Alifungua Biblia yake.

— Kumbukumbu la Torati, ishirini na mbili, aya ya tano. Mwanamke asivae mavazi ya mwanamume, wala mwanamume ya mwanamke. Ni chukizo.

— Huku Tlawi? alisema Leticia. Kwa baridi hii? Koti ulilovaa, Askofu, Jumamosi lilikuwa mgongoni kwa mke wako. Nilimwuzia kahawa akiwa amelivaa.

— Alikuwa anakwenda kukamua!

— Torati imesema isipokuwa wakati wa kukamua?

Nikaona ni haki kuongeza jambo moja, kwa sababu sipendi maandiko yasomwe nusu. Nikamwambia Askofu ashuke hadi aya ya kumi na moja, katika ukurasa ule ule. Alisoma kimya. Inakataza nguo iliyochanganywa sufu na kitani. Wote tukatazama sweta yake ya mtumba, ambayo nina hakika imechanganywa vitu vinne.

— Hiyo ni sheria ya Wayahudi, alisema.

— Na ile ya tano ni ya nani? aliuliza Mnada.

Mnada si msemaji. Akianza, huwa tunamwachia.

— Ng'ombe akizaa pacha, dume na jike, alisema, yule jike mara nyingi hazai. Akikua anakuwa na shingo nene, anapanda wenzake, anakwaruza ardhi kama fahali. Baba yangu alikuwa naye mmoja. Hatukumwita mwenye dhambi. Tulimwita kwa jina lake, akaja.

— Unamlinganisha mtoto wa Maximilian na ng'ombe? aliuliza Askofu.

— Mimi ng'ombe nawaheshimu.

— Mnada, yule hakuzaliwa pacha. Rejesta?

— Hakuzaliwa pacha, nilisema.

— Umeona! Mungu hakosei. Alimleta msichana, basi ni msichana.

— Mjukuu wako alizaliwa mdomo umepasuka, alisema Redio, na safari hii sauti yake ilishuka. Mlimpeleka hospitali ya Haydom ukashonwa. Mungu alikosea?

— Ule ulikuwa ugonjwa.

— Nani aliamua ni ugonjwa?

— Daktari.

— Na huyu, umejuaje kama hakumwona daktari?

Askofu alikohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi chenyewe kilivyohitaji.

— Sikilizeni, alisema. Mimi simchukii mtoto yule. Nilikuwa baba yake wa kipaimara, mnasahau? Mimi ndiye niliyeweka mkono begani kwake. Nataka kujua tu nitakutana naye wapi siku ya mwisho, na nitamwita nani.

Hapo hakuna aliyetania. Nilisema kwamba Yakobo aliitwa Israeli, na Simoni akawa Petro.

— Mungu ndiye aliyewabadilisha, Rejesta. Hawakujibadilisha.

Ni hoja nzuri, na nilimwambia hivyo. Nikamwomba basi afungue Isaya, hamsini na sita. Towashi, yaani mwanamume aliyehasiwa, analalamika kwamba yeye ni mti mkavu, na Bwana anamwahidi, ndani ya nyumba yake, jina lililo bora kuliko wana na binti. Askofu alisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari.

— Towashi si huyu, alisema hatimaye.

— Si huyu, nilikubali. Lakini ni mtu ambaye Torati ilimzuia mlangoni, naye Isaya akamkaribisha. Na Filipo alikuja kumbatiza mmoja njiani, bila kumwuliza ahesabiwe upande gani.

— Kwa hiyo unaandika nini?

— Sijui.

— Kahawa inaisha, alisema Leticia. Amueni.

Ndipo mtoto yule wa Maximilian alipotokea kwenye ukungu, ana udongo wa kaburi kwenye viatu. Alisimama mbele yetu akainamisha kichwa.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, tulisema. Askofu alichelewa kidogo, lakini alisema.

— Padri anauliza wasifu, babu.

— Umebaki mstari mmoja, nilisema. Mstari wa watoto.

Aliutazama. Alielewa haraka, ana macho ya Maximilian.

— Ni wasifu wake, babu, si wangu. Andika alivyokuwa ananitaja yeye. Alikaa hapa kila asubuhi. Alikuwa ananitajaje?

Redio alitazama chini. Mnada alinitazama mimi.

Ninakumbuka vizuri. Ilikuwa mwaka juzi, wakati wa kuvuna maharage. Maximilian alikaa, akapokea kahawa, akasema, "Mtoto wangu wa Arusha amepiga simu." Uso wake ulikuwa na furaha. Redio akamwuliza, "Yupi, wa kike au wa kiume?" na sote tulijua kwamba Arusha ana mmoja tu, na tetesi za ndevu zilikuwa zimeshatufikia.

— Alisema "mtoto wangu", nilimwambia. Alisema umepiga simu.

— Halafu?

— Hakuendelea.

— Kwa nini?

Mtu aliyetunza daftari miaka arobaini na mmoja hapaswi kuanza kuficha akiwa mzee.

— Tulicheka.

— Wote?

— Wote. Na mimi. Baada ya siku ile hakukutaja tena hapa.

Hakuonekana kukasirika, alionekana kama fundi aliyesikia mlio ndani ya mashine na anataka kujua unatoka wapi.

— Mlicheka nini, babu?

Redio, ambaye ana jibu la kila kitu hadi Adamu, aliokota kijiti akaanza kuchokonoa gome la gogo. Askofu alikuwa na Biblia nzima mapajani na hakufungua ukurasa. Leticia aliinamisha birika juu ya kikombe changu, yakatoka matone mawili na machicha.

Mnada alinyoosha mkono, akamwonyesha nafasi ya baba yake karibu na ukuta. Kijana akakaa. Nikaziacha zile hesabu za wa kiume na wa kike bila kuzijaza, nikafungua kalamu niandike majina tu, nikamwuliza nilichopaswa kumwuliza tangu juzi.

— Jina lako nani?

Akalitaja. Halikuwa hata moja kati ya yale matatu.

— Fabiani.

Nikamwomba alirudie, polepole, nisikosee.